Nyumba ya Kushoto

Mgeni aliingia kibandani kwa fundi viatu saa nne asubuhi, hodi ikiwa bado mdomoni.

"Samahani jamani. Nani hapa anaitwa Gundi?"

Kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye kila akikosa kichwa cha kunyoa huja kukalia kigoda cha wateja wa viatu, hakumpa mwenye jina nafasi ya kuitika.

"Mama, gundi si hiyo kwenye kopo? Lakini hata ukiita mpaka jioni haiitiki. Kazi yake kunata tu."

"Ni mimi, mama," alisema binti wa fundi, akiweka chini soli aliyokuwa akiipaka. "Karibu ukae. Huyu msamehe, mkasi wake umeamka na njaa."

Alisema kwa utani, lakini alikuwa ameshtuka. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na kaka yake, enzi zile alipokuwa mtoto wa kumfuata kila aendako, hata bafuni akamsubiri mlangoni. "Huyu si mdogo wangu, huyu ni gundi," kaka alikuwa akiwaambia marafiki zake, na jina likaganda. Kwa wateja alikuwa "binti fundi" tu. Waliomwita Gundi walikuwa baba yake, kinyozi akitaka kumchokoza, na mtu mmoja aliyeondoka yeye akiwa na miaka kumi na moja.

Katika kibanda kile watu husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo macho yake yalianzia miguuni. Kandambili za mpira, zimelika visigino. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimelala na kuvipandia vidole vingine, na fundo la mfupa limetokeza ubavuni. Huyu ni mtu aliyesimama sana maishani. Juu ya miguu hiyo kulikuwa na gauni lenye vumbi la safari, mkoba uliovimba, na uso wa mama wa miaka sitini na kitu, uliochoka lakini ukitabasamu.

"Ningekujua hata bila kuuliza," mgeni alisema. "Kile kibao cha mlangoni umekiandika wewe. T zako ni ndefu kama nguzo za simu. Zamani zilikuwa zinayumba, siku hizi zimenyooka."

Akafungua mkoba, akatoa furushi la barua lililofungwa kwa uzi, akaliweka juu ya meza kati ya misumari na vipande vya soli. Gundi hakuhitaji kulifungua. Bahasha ya juu ilikuwa ya mwaka jana, mwandiko ni wake mwenyewe: Kota za Reli, Namba 14, NYUMBA YA KUSHOTO.

Ili mtu aelewe furushi hilo lina nini, inabidi turudi nyuma.

Fundi, baba yake, alikuwa na Kiingereza cha maneno manne: left, right, size na okay. Yote manne aliyapatia miguuni. Kalibu zake za mbao, ile miguu ya mti ambayo ngozi huvishwa mpaka ishike umbo la kiatu, zilitoka kwenye kiwanda kilichofungwa zamani, na kila moja ilikuwa imepakwa rangi kisiginoni: LEFT au RIGHT. Kwa hiyo maneno hayo aliyajua kama ajuavyo nyundo yake.

Kaka alipopata kazi reli, mbali huko, aliandika barua kwa miaka miwili, kisha kimya. Fundi akamwambia Gundi aketi aandike, maana mkono wake yeye ulizoea sindano, kalamu ilimteleza. Barua ile ilirudi baada ya miezi miwili, haijafunguliwa. Mtu wa ofisi ya kota alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu, herufi kubwa: LEFT.

Fundi alivaa miwani, akasoma mwenyewe bila kumsubiri mtu. Akapiga paja.

"Kushoto! Kumbe tumekosea nyumba! Mwanangu hayuko kumi na nne, yuko ile ya kushoto yake. Hawa watu wa ofisi ni waungwana, ona, wametuelekeza."

Gundi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Naye aliamini. Waliandika upya, na juu ya bahasha akaongeza kwa herufi kubwa NYUMBA YA KUSHOTO. Barua haikurudi. Mwaka uliofuata, mwezi aliozaliwa kaka, waliandika nyingine. Nayo haikurudi. "Unaona?" fundi alisema. "Zinafika. Siku moja atajibu, mtu wa reli hana nafasi."

Gundi akiwa na miaka kumi na sita, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni, "The train has left," akawataka watafsiri. Gundi akanyoosha mkono kabla ya wenzake wote.

"Treni imekata kushoto!"

Darasa likaangua kicheko, hata mwalimu akageukia ubao kuficha meno. Kisha akaeleza polepole. Left ni kushoto, ndiyo. Lakini pia ni kuondoka: treni imeondoka, mtu ameondoka. Akainua kipande cha chaki. Na hiki ndicho pekee kilichobaki, nacho pia husemwa ni left. Wanafunzi waliandika maana tatu kwenye madaftari. Gundi aliandika ya kwanza, akaishia ya pili. Chini ya dawati miguu yake ilikuwa baridi kabisa.

Siku hiyo alirudi nyumbani amekusudia kusema. Alimkuta baba yake amekunjua ngozi.

Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, ya kahawia, laini, ambayo fundi aliipata mwaka kaka alipoondoka na akaiapia kwamba itakuwa viatu vya mwanawe siku akirudi. Ilitosha jozi moja. Kila mwezi aliipaka mafuta, akaikunja kwenye shuka kuukuu, akairudisha sandukuni. Zikaja siku ambazo kibanda kizima hakikuwa na ngozi halisi, ni turubai na mpira wa matairi tu, na wateja wakubwa wakiulizia, fundi anajibu, "Hakuna." Kinyozi alizoea kumcheka: "Fundi, ng'ombe huyo umemlisha mafuta kuliko alivyokula majani."

"Gundi, njoo ushike," baba yake alimwambia siku ile. "Bado inapumua."

Akashika. Hakusema. Mwezi uliofuata ulikuwa mwezi wa kuandika, akaandika. Na mwaka uliofuata, na mwingine, miaka minane, huku akijua kwamba katika namba kumi na nne hakuna mtu, na kwamba nyumba ya kushoto ni ya mtu wasiyemjua. Jambo moja tu hakulielewa: kwa nini barua hazirudi?

Sasa jibu lilikuwa mezani, limefungwa kwa uzi.

"Baba yako yuko wapi?" mgeni aliuliza.

"Ametoka kidogo, kafuata misumari." Mkono wa Gundi ulikwenda wenyewe ukavuta furushi chini ya aproni. "Mama, asante sana. Nitampa mwenyewe. Wewe una safari, usichelewe."

Mgeni alitikisa kichwa. "Mwanangu, hizi barua nimezilaza kabatini kwangu karibu miaka kumi. Sijazileta zije zilale chini ya aproni."

Kinyozi alikohoa. "Na fundi mwenyewe huyo anakuja," alisema.

Fundi aliingia na pakiti ya misumari, akamsalimia mgeni, akamtazama miguu kabla ya uso kama kawaida yake, akaketi. Mgeni alijitambulisha kwa kazi: alikuwa mpishi wa mesi ya reli, amestaafu. Kota zinabomolewa, kila mtu amepewa barua ya kuhama, naye anahamia kwa dada yake. Basi linalompeleka huko lilikuwa linaondokea mji huu kesho yake mchana, ndipo akaona asipite bila kufika kwenye anwani iliyo nyuma ya bahasha. "Miye ndiye wa nyumba ya kushoto," alimaliza.

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Akamshika mgeni mkono kwa mikono yote miwili.

"Kumbe unaishi na mwanangu!"

Mgeni alimgeukia Gundi, na katika macho yake hapakuwa na lawama, ni kumwachia tu nafasi. Gundi alitoa furushi chini ya aproni, akaliweka mezani.

"Baba," alisema. "Lile neno jekundu."

"Left. Kushoto."

"Ni kushoto kwenye kalibu. Kwenye barua ilikuwa na maana ameondoka. Walitaka kutuambia kaka hayupo tena pale."

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana wembe wa kubadilisha, akatoka kimyakimya.

"Ameondoka," fundi alirudia, kama anayejaribu kiatu kinachobana. "Neno lile lile?"

"Lile lile. Na kitu kilichobaki pia huitwa hivyo hivyo."

"Aliyeondoka na kilichobaki, jina moja! Lugha gani hiyo, kama ndugu watatu wenye suruali moja? Sasa wenyewe wanajuaje nani kaivaa?"

"Wanaangalia maneno yanayolizunguka, baba."

"Na letu lilikuwa peke yake." Akavua miwani. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Mgeni asingemuumbua.

"Miaka minane iliyopita. Shuleni."

Fundi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alichukua msumari mmoja kwenye pakiti, akauzungusha vidoleni, akaurudisha. "Ukaendelea kuniandikia," alisema, na hakuuliza kwa nini.

Hapo mgeni akaanza kusimulia, taratibu. Barua ya kwanza ilimfikia, akaona si yake, akajua ni ya yule kijana wa kumi na nne. Kijana alikuwa amepunguzwa kazini, akaondoka bila kuaga mtu, sanduku lake la bati kaliacha kwake. Siku moja akaja kulichukua, naye akamkabidhi barua. Akaisoma pale pale kibarazani. Alipofika pale fundi alipoeleza kwamba ofisi imewaelekeza kushoto kwa neno LEFT, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Hicho ni Kiingereza cha kalibu hicho! Baba yangu huyo, na mwandiko ni wa mdogo wangu, Gundi!" Halafu kicheko kikageuka, akajifuta kwa mkono wa shati. Akasema: nitaandika nikiwa na la kuandika. Zikija nyingine, mama, usizirudishe, zikirudi watajua. Niwekee, nitazipitia.

"Nikaziweka," mgeni alisema. "Hakupita tena. Sijafungua hata moja, ingawa sitawadanganya, nilikuwa naungoja mwezi wake. Mimi sina wa kuniandikia. Bahasha ikija naitazama tu nje, nasema, ah, yule mtoto amekua."

Gundi alihesabu bahasha kwa macho. Tangu ile iliyorudi, waliandika kumi na moja. Hapa zilikuwa kumi.

Fundi aliuliza swali ambalo hakuna baba mwingine duniani angeliuliza.

"Siku hiyo alikuwa amevaa viatu gani?"

Mgeni alifumba macho, akatafuta. "Vya kahawia. Vya kamba. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje."

"Bado anakanyagia nje," fundi alinong'ona. Uso wake ulitaka kucheka na kulia, ukakosa pa kuanzia. "Nilimwambia tangu mdogo, mguu wako huo unatoroka. Bado anakanyagia nje."

Kisha akajikohoza, akawa fundi tena.

"Barua hiyo ya kwanza ulimpa mkononi?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Basi vua kandambili, mama. Gundi, lete karatasi ya kupimia. Na ile ngozi."

"Ngozi ipi?" Gundi aliuliza, ingawa ilikuwepo moja tu.

"Baba wee, mimi sikuja kwa ajili ya viatu!" mgeni aliruka. "Yule kijana alinisomea, ndiyo, akanitania kwamba nina viatu vyangu kwa baba yake. Nikacheka yakaisha."

"Hayakuisha. Gundi, tuliandikaje?"

Aliyakumbuka. Alikuwa ameyaandika ulimi ukiwa nje, kwa T zinazoyumba. "Yeyote atakayekukabidhi barua hii, mwambie kuna jozi ya viatu inamngoja kwangu, ya ngozi, kwa mkono wangu."

"Haya. Ya ngozi."

"Baba, hiyo ni ya kaka." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Mpe vya turubai, hata yeye mwenyewe atashukuru. Kaka akirudi?"

"Akirudi atamkuta baba aliyetimiza alichoandika. Ngozi nilimwekea moyoni, huyu nilimwandikia. Na mwandiko ni wako."

Gundi alilitoa sanduku. Alipokunjua shuka, harufu ya mafuta na ngozi ilijaa kibandani, harufu ya miezi yote ile waliyoishika pamoja. Akamvua mgeni kandambili, akapiga magoti, akachora miguu yake kwa penseli juu ya karatasi. Mguu wa kushoto aliuchora polepole, akizunguka fundo la mfupa bila kuligusa. Fundi alinoa kisu. Kiliposhuka kwenye ngozi hakikutoa sauti yoyote ya kutisha, ni mchakacho mdogo tu, kama mtu anayefungua bahasha. Gundi aligeuzia uso mlangoni.

Kutwa ile fundi alisema naye kwa maneno ya kazi peke yake. "Uzi." "Nta." "Msasa." Mgeni alilala kwa Gundi, na hata chakulani fundi alimuuliza mgeni habari za mesi, za treni, za watu mia mbili kula kwa zamu, lakini bintiye hakumuuliza kitu.

Asubuhi walifungua mapema. Kiatu cha kulia kilikuwa tayari. Cha kushoto kilisumbua, maana kalibu ilikuwa ya mguu ulionyooka, na mguu wa mgeni haukunyooka. Fundi aliigeuza kalibu huku na huku. Kisha akaokota kipande cha ngozi kilichobaki, kisichotosha hata kiatu cha mtoto mchanga, akakikunja, akakigongomea ubavuni mwa kalibu ili kuotesha fundo kama lile la mguu. Ncha ya kipande ilifika mpaka kisiginoni, ikafunika rangi ya zamani. Herufi za LEFT hazikuonekana tena.

"Hizo barua kumi," alisema ghafla, macho yakiwa kwenye sindano. "Niliyokwambia uandike, uliyaandika?"

"Yote, baba. Kama ulivyosema."

"Hukuongeza?"

"Niliongeza. Chini, kila mwaka, mstari mmoja."

"Unasemaje?"

Gundi alijibu akiitazama nta. "Kaka, bado nanata."

Sindano ilisimama. Mabega ya fundi yalitikisika mara moja, mara mbili, na Gundi hakujua ni nini mpaka alipomsikia akicheka, kicheko kidogo chenye maji ndani.

"Ndiyo maana ukaendelea kuandika," alisema. "Mimi nilikuwa namwita. Wewe ulikuwa unamsalimia." Akavuta uzi. "Shika hapo, usiachie. Mtu akijua jambo la nyumba hii, kuanzia leo analisema, tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

"Nta."

Akampa nta, na safari hii vidole vyao viligusana.

Saa tano na nusu viatu vilikuwa juu ya meza, vya kahawia, vimeng'aa. Kinyozi alikuja kuvitazama, akavizunguka na mikono nyuma kama mkaguzi. "Kwa hiyo ng'ombe wetu ameanza safari," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha juu yake.

Mgeni alivivaa, akasimama, akachezesha vidole vya mguu wa kushoto. Akatulia. Miaka mingi hakuwahi kusimama ndani ya kiatu kilichoumbwa kwa ajili ya mguu ule.

"Anwani ya dada yangu nimemwachia karani wa reli," alisema mlangoni. "Nimemwambia, kijana wa kumi na nne akija kuuliza nyumba ya kushoto, aelekezwe kwangu. Basi na nyie mwezi wake ukifika, andikeni. Nitaweka."

"Tutaandika," alisema fundi. "Na huyu ataongeza mstari wake."

Hakumsindikiza. Gundi ndiye aliyebeba mkoba mpaka pembeni mwa barabara, na alipogeuka alimwona baba yake amesimama kizingitini, amefumba macho, kichwa kimeinama upande. Alikuwa anasikiliza. Soli mpya zilikuwa zikigonga lami, ko, ko, ko, za mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa, mpaka zikamezwa na makelele ya stendi. Fundi akafumbua macho, akaingia ndani, akalikunja lile shuka tupu.